Tamthilia ya Wapelelezi Nyumbani Mwetu: Somo la Kutazama kwa Akili

Katika somo la mwezi huu tunageukia jambo ambalo siku hizi limo karibu katika kila nyumba yenye umeme, na hata katika vijiji vya milimani ambako umeme ni wa paneli ya jua juu ya bati. Jambo lenyewe ni tamthilia ndefu za polisi na wahalifu, zile ambazo vijana huziita "sizoni". Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wanakesha wakizitazama. Wazazi wenyewe nao, tukisema kweli, hukaa nyuma ya vijana hao wakazitazama vile vile.

Hatukusudii kuzilaani tamthilia hizi, wala hatukusudii kuzisifu. Sisi tuliotumia miaka yetu darasani tunajua kwamba chombo chochote cha kufundishia hufundisha jema au baya kwa kadiri ya mwalimu aliyekishika. Katika somo hili tutajiuliza maswali matatu. Je, video ilitufikiaje? Je, tamthilia ya namna hii inatuonyesha nini cha kweli, na nini kisicho cha kwetu? Na tatu, ambalo ndilo kubwa, je, inatusaidia kuwa majirani na mashahidi wa haki hapa Morogoro?

1. VIDEO ILIVYOTUFIKIA

Yafaa vijana wajue kwamba Tanzania Bara tulipata video kabla ya televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara tulingoja hadi mwaka 1994 vituo vya kwanza, ITV kikiwa mojawapo, vilipoanza kurusha matangazo. Televisheni ya taifa ilifuata miaka michache baadaye. Kabla ya hapo, mtu aliyekuwa na televisheni Bara aliitumia kwa kutazamia kanda za video tu.

Kanda zile, za namna iitwayo VHS, zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1976. Katika miaka ya 1980 zililetwa na mabaharia, wafanyabiashara na wanafunzi waliorudi kutoka ng'ambo. Mwenye deki alikuwa mtu mashuhuri mtaani. Baadaye yakaja mabanda ya kuonyeshea video, yaliyopewa jina la "kibanda umiza", ambamo watu walikaa kwenye mabenchi katika joto kali baada ya kulipa kiingilio kidogo.

Humo mabandani ilizuka kazi mpya ya kueleza picha kwa Kiswahili. Aliyejulikana kupita wote ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Yeye aliwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale waigizaji waliyokuwa wakisema kwa lugha za kigeni, na kanda zenye sauti yake zikasambaa. Tulikumbuke hilo, kwa maana linatufundisha jambo la kwanza katika somo letu: anayetueleza habari si mfereji mtupu unaopitisha maji. Huongeza, hupunguza, hutia chumvi. Shahidi yeyote hufanya vivyo hivyo, hata akiwa mtu mwema.

Siku hizi kanda zimekwisha. Zilikuja diski, na diski moja iliweza kubeba sehemu nyingi za tamthilia. Sasa vijana hubeba tamthilia nzima katika flashi isiyozidi kidole gumba. Hapa tuseme neno moja la adabu. Nyingi kati ya diski na nakala hizo ni za wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda jasho la waliozitengeneza. Inachekesha na kusikitisha pia kwamba mtu hutazama jinsi wezi wanavyokamatwa huku akitumia diski iliyoibwa.

2. TAMTHILIA TUNAYOJIFUNZA

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa habari za upelelezi. Wazee wengi wa leo walimsoma Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960 katika *Mzimu wa Watu wa Kale*. Wengine walisoma *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965, na wengi zaidi walimfuata Willy Gamba wa Elvis Musiba tangu miaka ya 1970. Basi tamthilia ya video imekuja kupanda katika shamba lililokwisha kulimwa.

Kwa ajili ya somo tumechagua tamthilia moja ya Marekani iitwayo *Law & Order*, yaani Sheria na Utulivu. Ilibuniwa na Dick Wolf, ikaanza kuonyeshwa Septemba 1990, ikaendelea bila kukatika hadi Mei 2010. Katika miaka hiyo 20 zilitengenezwa sehemu 456. Mtu akitazama sehemu moja kila jioni, itamchukua mwaka mmoja na miezi mitatu kuzimaliza. Mwaka 2022 ilifufuliwa tena. Hadithi zake hutokea katika jiji la New York, na huko ndiko ilikopigwa picha.

Tumeichagua kwa sababu ya mpango wake, ambao mwalimu yeyote atauona kuwa ni mpango mzuri wa somo. Kila sehemu imegawanyika nusu mbili. Katika nusu ya kwanza wapelelezi wa polisi hutafuta nani aliyetenda kosa. Katika nusu ya pili waendesha mashtaka hujaribu kuthibitisha jambo hilo mahakamani. Mara nyingi yale ambayo polisi waliona kuwa wazi kabisa huanza kulegea yakifika mbele ya jaji. Shahidi aliyekuwa na hakika hubabaika. Kitu kilichokamatwa hukataliwa kwa kuwa kilichukuliwa kinyume cha sheria. Wakati mwingine mtazamaji hugundua kwamba tangu mwanzo alikuwa akimchukia mtu asiye na hatia.

Ni vyema pia kuona kwamba waigizaji walikuja na kuondoka, lakini kazi iliendelea. Jerry Orbach aliigiza mpelelezi mzee Briscoe tangu mwaka 1992 hadi 2004, na akafariki mwishoni mwa mwaka huo huo. Bibi S. Epatha Merkerson aliigiza mkuu wa wapelelezi kwa miaka 17. Sam Waterston aliingia mwaka 1994 kama mwendesha mashtaka McCoy. Watazamaji waliwapenda, lakini jengo la mahakama lilibaki hata walipoondoka. Hilo nalo ni somo: haki ya nchi haipaswi kutegemea shujaa mmoja.

3. YASIYO YA KWETU

Mtazamaji wa Kitanzania asipokuwa mwangalifu atadhani kwamba mahakama zetu zinakwenda kama zile za New York. Tumesikia watu wazima wakisema "ngoja uamuzi wa juri" katika kesi ya hapa nyumbani. Basi tutenganishe mambo.

(a) Juri. Kule Marekani, katika kesi nzito, raia 12 wa kawaida huketi kusikiliza na ndio wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Sisi hatuna utaratibu huo. Mahakama Kuu yetu ilikuwa ikiketi pamoja na wazee wa baraza, ambao walitoa maoni, lakini jaji hakufungwa na maoni yao. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, si lazima tena jaji awe na wazee hao. Uamuzi ni wake, na humpasa aandike sababu zake.

(b) Muda. Kwenye video kesi ya mauaji huanza na kwisha kwa dakika 45 hivi. Kwa kweli mambo huchukua muda mrefu sana. Katika nchi yetu anayeshtakiwa kwa mauaji hapewi dhamana, kwa hiyo hungoja gerezani akiwa mahabusu hadi upelelezi ukamilike na kesi isikilizwe. Tamthilia haionyeshi mama anayepanda basi kupeleka sabuni gerezani mwezi baada ya mwezi. Sisi tunaokaa hapa Morogoro tunawafahamu akina mama wa namna hiyo, na baadhi yao husali pamoja nasi.

(c) Makubaliano. Katika tamthilia washtakiwa wengi hukubali kosa dogo ili waepuke kubwa. Zamani watazamaji wetu walishangaa kuona haki "ikipatanwa kama nyanya sokoni". Lakini tangu mwaka 2019 sheria yetu nayo inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na mwendesha mashtaka. Kwa hiyo ni wajibu wetu kujua kwamba mtu asikiri kwa sababu ya uchovu au hofu, bali kwa sababu ni kweli. Afanye hivyo akiwa amepata shauri la mtu anayejua sheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili ya watu wasioweza kulipa wakili.

(d) Lugha. Kwa miaka mingi mwananchi aliyefika Mahakama Kuu alikaa kama mtazamaji wa kibanda umiza asiye na mtu wa kumweleza, kwa maana kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwaka huo huo Morogoro ilipata Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Mlango umefunguliwa, na mtu anayependa tamthilia za mahakama aweza kwenda kusikiliza kesi ya kweli, kwa kuwa kwa kawaida mahakama huketi wazi.

4. YALIYO YA KWELI KILA MAHALI

Hata hivyo yako mambo ambayo New York na Morogoro ni mamoja.

La kwanza: mtu huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema jambo hilo katika Ibara ya 13. Wala mzigo wa kuthibitisha si wa mshtakiwa, bali wa anayeshtaki. Mashaka yenye sababu yakibaki, mshtakiwa huachiliwa. Hii haina maana kwamba mahakama imemtangaza kuwa malaika. Maana yake ni kwamba tumekubaliana kutomwadhibu mtu kwa kubahatisha.

La pili: anayehojiwa ana haki zake. Watazamaji wamekwisha kariri maneno ambayo polisi wa Marekani humwambia mtu wanapomkamata. Hawajui kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ya hapa kwetu nayo humtaka askari amweleze mtu anayezuiliwa kwamba halazimiki kujibu maswali, isipokuwa yale ya jina na anwani. Tena mtu huyo aweza kuomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kijana aliyekariri maneno ya kigeni na asijue sheria ya nchi yake amesoma nusu ya ukurasa.

La tatu: jicho hudanganya. Hapa tusimame kidogo, kwa maana ndipo hatari kubwa ilipo.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla, iliamua rufani ya mtu aitwaye Waziri Amani. Uamuzi huo hutajwa na majaji wetu mpaka leo. Mahakama ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na kwamba hakimu asiutegemee mpaka aondoe kila uwezekano wa kukosea. Ikataja mambo ya kupima. Je, shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Ilikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, mwanga ulikuwaje? Je, alimfahamu kabla ya siku hiyo? Haya ni maswali ambayo hata mtoto wa darasa la sita aweza kuyauliza. Ajabu ni kwamba watu wazima tukiwa na hasira hatuulizi hata moja.

Sisi tuliofundisha saikolojia ya elimu katika chuo cha ualimu tulikuwa na zoezi la kuonyesha jambo hili. Mtu asiyefahamika aliingia darasani ghafula, akasema neno, akachukua kitabu mezani, akatoka. Kisha walimu wanafunzi waliandika walichokiona. Wengine waliandika kwamba shati lilikuwa la bluu, wengine la kijani. Mmoja alimpa kofia ambayo hakuivaa. Mwingine alisema alichukua saa. Hao wote walikuwa watu wenye akili, walioketi mchana kweupe, wala hawakuwa na sababu ya kusema uongo. Basi itakuwaje kwa mtu aliyeamshwa usiku wa manane, akaona mgongo wa mtu ukipotea migombani?

La nne: hata kukiri kwahitaji kupimwa. Mwaka 1984 Mwingereza Alec Jeffreys alivumbua njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba, ambavyo hupatikana katika damu, mate na nywele. Wengi hudhani kwamba uvumbuzi huo ulianza kwa kumkamata mwuaji. Sivyo. Katika kesi ya kwanza ya mauaji iliyotumia njia hiyo, mwaka 1986, kipimo kilimwokoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekwisha kukiri kosa ambalo hakulitenda. Mwuaji wa kweli alipatikana baadaye. Hapa nchini Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ilitungwa mwaka 2009, na vipimo hufanywa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Wasomaji wa Biblia hawatashangaa. Katika Mwanzo mlango wa 37, ndugu za Yusufu walichovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, baba akaitazama, akaamini. Katika mlango wa 39 vazi la Yusufu huyo huyo likawa ushahidi wa uongo mikononi mwa mke wa Potifa, naye akafungwa gerezani. Mara mbili nguo ilisema uongo, na mara mbili hapakuwa na mtu aliyeuliza swali la pili. Lakini katika habari za Susana, zilizomo katika vile vitabu ambavyo Kanisa letu husoma kwa mfano wa maisha bila kuvitumia kuthibitishia fundisho, kijana Danieli aliwatenga wazee wawili waliomshtaki mama yule. Akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alipomwona. Kila mmoja akataja mti wake. Mpaka leo, mahakamani kwetu, shahidi ambaye hajatoa ushahidi hukaa nje ili asisikie mwenzake anasema nini.

5. NENO "MWIZI" MITAANI KWETU

Sasa tufike penyewe. Kwa nini tumechukua nafasi ya gazeti hili kuzungumza juu ya tamthilia? Ni kwa sababu ya neno moja, "Mwizi!", na yale yanayofuata baada ya neno hilo.

Magazeti yetu yana msemo uliozoeleka, "wananchi wenye hasira kali". Msemo huo hutumika mtu anapopigwa mpaka kufa au kuchomwa kwa tairi. Ni msemo mwepesi kwa jambo zito. Unatufanya tudhani kwamba hasira ndiyo iliyoua, kana kwamba hapakuwa na mikono ya watu. Lakini sheria haijui kitu kiitwacho hasira kali ya wananchi. Watu wanaoungana kumpiga mtu mpaka afe waweza kushtakiwa wote kwa mauaji kwa sababu ya nia yao ya pamoja. Anahusika aliyerusha jiwe moja kama aliyerusha kumi. Na kwa kosa la mauaji, adhabu ya kifo bado imo katika sheria zetu.

Tunakumbuka jambo lililotokea katika kijiji kimoja cha milimani, miaka mingi iliyopita. Jioni, jua limekwisha kuzama nyuma ya mlima, kijana mmoja alionekana akishuka na mkungu wa ndizi begani. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba amemwona kwa macho yake akiiba katika shamba. Watu wakakusanyika. Fimbo zikakatwa. Kijana alipojaribu kusema, kelele zilimfunika, na pigo la kwanza likampata sikioni.

Mzee mmoja, ambaye hakuwa na cheo chochote, alisimama katikati akamshika kijana mkono. Akasema, "Wanangu, tumwulize kwanza. Tukimwua, nani atatujibu?" Kisha akauliza maswali matatu. Alimwuliza aliyepiga kelele, "Wewe ulikuwa wapi ulipomwona?" Akajibu, "Kule ng'ambo ya kijito." Akauliza tena, "Shamba ni la nani?" Watu wakataja jina la mtu. Hapo akamgeukia kijana, "Mama yako ni wa ukoo gani?" Kijana akataja ukoo.

Wanaoijua desturi ya Waluguru wamekwisha kuelewa. Ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Shamba lile lililodhaniwa kuwa la mtu fulani lilikuwa la ukoo wa mama yake kijana, na yule mtu alilimaje tu kwa ruhusa. Akaitwa bibi yake kijana, akaja polepole na mkongojo wake, akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma. Mnampigia nini mjukuu wangu?" Aliyepiga kelele hakuwa mwongo. Aliona kweli kijana akikata ndizi. Alichokosea ni maana ya alichokiona. Macho yalimpa habari, na hasira ikaandika hukumu.

Tangu tulipoanza kujifunza tamthilia za mahakama tumeona kwamba maswali matatu ya mzee yule ndiyo yale yale ambayo mawakili wa New York huvaa suti kuyauliza. Ulikuwa wapi? Kitu ni cha nani? Mshtakiwa ana haki gani juu yake? Mzee hakuwa amesoma sheria. Alichokuwa nacho ni subira, na ujasiri wa kusimama peke yake kwa muda wa dakika tano.

Tuseme pia upande wa pili, ili tusionekane tunawatetea wezi. Watu wameibiwa pikipiki waliyonunua kwa mkopo. Akina mama wameibiwa kuku na mahindi waliyotegemea kwa ada. Hasira yao ina sababu. Mara nyingine wanasema, "Tukimpeleka polisi, kesho tutamwona mtaani." Lakini mtu kuonekana mtaani kesho yake huenda maana yake ni kwamba amepata dhamana, na dhamana si kuachiliwa. Kesi ingali inaendelea. Sheria inamruhusu mwananchi kumkamata mtu atendaye kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Na anayetaka mwizi afungwe hana budi kufanya kazi isiyopendeza kama kurusha mawe. Aandikishe maelezo, aitikie wito wa mahakama, asimame kizimbani, avumilie kuulizwa maswali. Kesi nyingi huanguka kwa sababu mashahidi hawakutokea. Wale wale waliokuwa mia moja siku ya kupiga, siku ya kushuhudia hupungua mpaka hakuna hata mmoja.

6. JINSI YA KUTAZAMA NYUMBANI

Kwa wazazi na viongozi wa vijana tunapendekeza mambo haya:

Kwanza, chagueni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa kukagua picha na kupanga umri wa watazamaji. Hata hivyo bodi haiwezi kukaa sebuleni kwenu. Tamthilia tuliyoitaja ina habari za mauaji na ubakaji, kwa hiyo si ya watoto wadogo.

Pili, tazameni sehemu moja, kisha zimeni. Mtu akitazama sehemu sita mfululizo hukumbuka damu na kusahau sababu. Akitazama moja na kuizungumza atakumbuka maswali.

Tatu, simamisheni picha katikati, hapo polisi wanapokabidhi kazi kwa mwendesha mashtaka. Kila mtu aandike katika karatasi: nani mwenye hatia, na kwa ushahidi gani? Karatasi zikunjwe mpaka mwisho. Katika kikundi chetu cha wazee, zoezi hili limezua kicheko kingi na kimya kingi pia.

Nne, baada ya kutazama, ulizeni: katika habari hii, nani hakusikilizwa? Mara nyingi ni mjakazi, mlinzi, au kijana maskini ambaye polisi walimhoji wa kwanza. Tukizoea kumtafuta mtu huyo katika picha, huenda tukamwona na mtaani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Taja tofauti mbili kati ya mahakama za tamthilia na mahakama zetu. Je, ipi iliyokushangaza?

2. Shahidi anasema alimtambua mtu saa nne usiku kwa mwanga wa mbalamwezi, umbali wa hatua 30. Ungemwuliza maswali gani kabla ya kumwamini?

3. Soma Mwanzo 37 na 39. Ungekuwa Yakobo au Potifa, ni swali gani la pili ambalo ungeliuliza?

4. Katika mtaa wenu, nani huwa wa kwanza kusikia kelele za "Mwizi!"? Je, ni watu gani watatu au wanne mnaoweza kukubaliana sasa, kabla ya siku hiyo kufika, kwamba watasimama pamoja katikati na kupiga simu polisi?

5. Je, yuko mtu wa kanisani kwetu ambaye ndugu yake ni mahabusu? Nani atakwenda naye siku ya kesi, na lini?

Swali la tano lijibiwe kwa jina na tarehe. Majibu mengine yote yaweza kungoja mkutano ujao.